Mikono ya Gervasia

Nimeuza zafarani miaka hamsini, kwa miguu, kutoka kwetu Monreal hadi kaskazini na kurudi, kwa hiyo mkiniona naruka toka jambo hili hadi lile, mnisamehe. Nataka kumzungumzia Eladio Barrachina, mwana wa jirani yetu Gervasia. Watu huniuliza alikuwa mchoraji wa namna gani. Nilimjua tangu anatambaa, na sijui.

Mkate wake aliupata Madrid, kwenye gazeti la kila wiki liitwalo La Veleta. Alichora majalada: bibi na kikombe, bibi na mbwa, bibi na kofia kubwa kama sinia. Chini aliandika “Cierzo”, ule upepo wetu wa baridi. Jina lake mwenyewe alilihifadhi kwa picha moja ya rangi za mafuta, iliyoegemea ukuta wake miaka sita. Nilipopita Madrid nililala sakafuni chini yake. Ni mama yake, mwezi wa Oktoba, anachambua maua ya zafarani mezani.

“Ponciano,” aliniambia, “hii ikitundikwa kwenye maonyesho makubwa, nitaitwa mchoraji. Isipotundikwa, mimi ni Cierzo tu, na karatasi za Cierzo hufungiwa samaki.”

Aprili akaipeleka. Ikarudishwa. Tukaenda wote wawili kumwona katibu wa waamuzi, mzee mmoja, Don Plácido.

“Kazi nzuri,” akasema. “Ila umemwiga Cierzo.”

“Cierzo ni mimi, bwana.”

Don Plácido akacheka mpaka miwani ikamtoka. “Kijana, wewe ni wa tatu wiki hii!” Akamwaga mezani majalada kumi ya La Veleta. “Haya, nionyeshe yako.”

Eladio akachukua moja, akalirudisha. Baridi iliyopita aliugua kifua miezi mitatu, Januari hadi Machi, na gazeti likampa mtu mwingine kazi pamoja na jina lile lile, na hakuna msomaji aliyelalamika. Sasa jasho lilimtoka.

“Hili langu. Hili… hapana. Ngoja.” Akanigeukia mimi, muuza zafarani! “Lipi langu, Ponciano?”

Nikamwonyesha bibi mwenye mbwa. Ningekula kiapo.

Akasoma tarehe juu ya jalada. “Hili la Februari,” akasema polepole. “Februari nilikuwa kitandani.”

Oktoba tukaibeba picha hadi kwa mama yake. Tulimkuta mezani, maua yamemfika kidevuni.

“Huyu mwanamke nani?” akauliza Gervasia.

“Wewe, mama.”

“Uso wangu, sawa. Mikono ya nani hii? Nani kwetu anashika ua hivi, kama kikombe mbele ya wageni? Na hiki kidole kidogo kimesimama kinangoja nini, kubusiwa?”

Nilicheka, kisha nikakumbuka vidole vya mabibi wa majalada, vimesimama vivyo hivyo. Basi Don Plácido alisema kweli? Na kama alisema kweli, Eladio alikuwa amemwiga nani?

Eladio akachukua kisu, akaikwangua ile mikono mpaka kitambaa kikaonekana.

“Kaa hivyo hivyo, mama, nikutazame.”

“Nikae, maua yanyauke? Kaa wewe! Chambua!”

Akachambua siku nne, akitoa nyuzi nyekundu na kutupa ua, mpaka kucha zikawa za njano na mgongo ukamgoma. Siku ya tano akapaka rangi. Gervasia akaja kutazama, mikono kiunoni.

“Hii nayo si yangu, mwanangu. Mikubwa mno. Hii yako.”

Eladio akaitazama picha, akatazama vidole vyake, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nikamwona anacheka.

Mwaka uliofuata nilimuuliza kama ataipeleka tena Madrid. “Iache hapo jikoni,” akasema, “mama hajaizoea.” Akaendelea kuwa Cierzo mpaka macho yakamwisha. Mama naye ameshazikwa. Nikipita, wajukuu wa Gervasia hunipa supu, nami nainama kwenye kona ya picha kutafuta jina. Alipapaka rangi ya meza tu. Wajukuu huniuliza, “Mzee, kachora nani?” Nawaambia Eladio. Kisha nakivuta kijiko mdomoni, na siwi na hakika.