Nyumba ya Mama Ilikuwa Chini Kabisa

Tarehe tisa Februari ndugu yangu mdogo alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, na tarehe ishirini na mbili Machi nikaipoteza nyumba aliyomjengea mama yetu. La kwanza halikuwa mikononi mwangu. La pili nililifanya mimi, mchana, nikiwa na akili zangu zote, na nilidhani ninatoa heshima.

Nyumba hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta. Tuliishi wawili katika vyumba viwili hapa mtaani Skuta, mimi seremala, yeye fundi wa simu huko mjini. Jumapili baada ya kanisa alikaa akicheza gemu moja ya mapanga na milima, ambamo mchezaji anakuwa mtu fulani, anatembea nchi nzima, anapewa kazi, anapata shamba. Mimi nililala kwenye kochi nyuma yake. Sikuuliza mengi. Nilijua tu kwamba hakuridhika na gemu ilivyotoka dukani. Aliiongezea vipande vilivyotengenezwa na wachezaji wengine, wao huviita modi. Moja inaleta mvua inayofanana na mvua, nyingine inawapa wanaume ndevu, nyingine inachora barabara mpya. Alikuwa nazo zaidi ya mia.

Habari ya nyumba tuliipata kwenye mazishi. Rafiki yake wa Kutus, kijana anayeuza kompyuta za mitumba, alisimama akasema kwamba marehemu alijifunza kutengeneza modi yake mwenyewe, na kwamba modi hiyo ilikuwa nyumba ya mama. Watu wakacheka kidogo, vile watu hucheka mazishini. Mama hakucheka. Ndugu yangu alikuwa amemwahidi nyumba ya mawe tangu alipomaliza shule, na hadi leo mama yuko kwenye ile ya mbao kule Othaya. Mama alikuwa akimwita "baba", maana ndiye mvulana wa pili, na kwetu wa pili hupewa jina la baba yake mama. Kaburi lilipofunikwa alinishika mkono.

"Hiyo nyumba baba alinijengea," akasema, "nataka kuiona."

Nikamwahidi.

Wiki iliyofuata nilifungua kompyuta kwa mara ya kwanza peke yangu. Yule mtu wa ndugu yangu ndani ya gemu alikuwa amesimama pale pale alipomwacha, kwenye kilima, mbele ya nyumba ya mawe yenye mabati mekundu na tangi la maji pembeni. Nje, juu ya kigoda, alikaa mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani, ungo mapajani. Nilimsogelea. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba siku ni nzuri. Sauti haikuwa ya mama, ilikuwa ya bibi kizee yeyote wa gemu hiyo, lakini vile alivyoinamisha shingo upande mmoja alikuwa mama. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa. Nilimpigia mama nikamwambia nyumba iko, na ni nzuri. Tukapanga aje Jumapili ya mwisho ya Machi.

Sasa niseme nilivyoiharibu.

Kabla gemu haijaanza, kwanza hutokea orodha ya modi zote, kutoka juu hadi chini. Jumamosi ya wiki iliyotangulia nilikuwa natayarisha, nikaisoma orodha vizuri kwa mara ya kwanza. Juu kulikuwa na nyasi. Chini ya nyasi, mvua. Kisha mbuzi, viatu, ndevu, barabara. Nikashuka na kushuka, na mwisho kabisa, chini ya kila kitu, nikakuta "Nyumba ya Mama".

Iliniuma. Nilijiuliza ni kwa nini mama awekwe chini ya ndevu. Kwetu kila kitu kina zamu yake. Majina ya watoto yana zamu, kusalimia wazee kuna zamu, hata kwenye programu ya mazishi ya ndugu yangu, ile karatasi ya ratiba, tulikaa nusu siku tukibishana nani atajwe kwanza, na tulianza na mama. Nikafikiri labda alikuwa mgonjwa, akaiacha tu pale ilipoangukia. Nikaishika kwa kile kipanya, nikaivuta polepole hadi juu, nikaiweka ya kwanza. Niliona nimefanya jambo jema.

Nilipofungua gemu, barabara ilikuwa imepita katikati ya nyumba. Jiwe kubwa kama gari lilikuwa limeota sebuleni. Nyasi zilikuwa zimefika dirishani. Mwanamke mzee hakuwa kwenye kigoda.

Hapo ningeacha. Lakini niliogopa, na mtu aliyeogopa hawezi kutulia. Nilirudi kwenye orodha nikaona kitufe kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba kitapanga chenyewe. Kiliniuliza swali refu. Nilisoma mpaka darasa la nane, na swali lile sikulielewa lote. Nikabonyeza ndiyo. Orodha yote ikaruka, kila modi ikaenda mahali pake papya, na nikajua papo hapo kwamba sitakumbuka zilivyokuwa. Nilifungua tena. Kuta za nyumba sasa zilikuwa zambarau, zambarau kali isiyo ya kitu chochote duniani.

Nilimpigia yule kijana wa Kutus. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho bila kujificha. Akacheka.

"Ati ukaiweka juu? Brathe, umepanga gemu kama programu ya mazishi."

Akasikia alichosema, akaomba msamaha mara mbili. Halafu akanieleza pole pole. Kompyuta inasoma orodha kutoka juu kwenda chini. Modi mbili zikigombania mahali pamoja, ile iliyosomwa mwisho ndiyo inabaki. "Wa mwisho ndiye mkubwa," akasema. "Alimweka mama yenu mwisho ndiyo mtu yeyote asimguse."

Mimi ni seremala. Kila siku napaka kitanda rangi ya kwanza, ya pili, kisha vanishi, na ninajua kwamba mtu ataona ile ya mwisho tu. Nilikuwa nalijua jambo hilo kwa mikono yangu na halikunijia.

Aliniuliza kama orodha ya zamani imewekwa mahali. Nilitafuta kwenye droo za marehemu. Nilipata daftari moja lenye kurasa mbili za majina na mishale, mengine yamekatwa, kisha vipimo vya dawa. Ndugu yangu hakuendelea kuiandika orodha.

Alhamisi kijana alikuja mwenyewe. Alifanya kazi kuanzia saa nne hadi saa kumi. Aliirudisha nyumba chini, akaiondoa barabara. Jiwe lilibaki. Zambarau ilibaki ukutani. Alipojaribu kukaribia kijiji cha chini ya kilima gemu ilijifunga, akaanza upya, ikajifunga. Alisema ndugu yangu alizijaribu modi hizo moja moja kwa miezi, hii na ile, hii bila ile, na mpangilio wake ulikuwa kichwani. Tena gemu hujihifadhi yenyewe, kwa hivyo makosa yangu yalikuwa yameandikwa juu ya kazi yake.

"Hii alijua yeye tu," akasema, akachukua koti lake.

Nilimpigia mama nikamwambia ukweli: nyumba niliiharibu, asijisumbue kuja. Akasema atakuja tu.

Jumapili alikuja akiwa na nguo ya kanisa. Nikampa chai, akaiombea. Nikamwekea kiti karibu, akavaa miwani. Nilimwonyesha kuta, nikamwambia zilikuwa za mawe. Nilimwonyesha tangi. Akauliza mlango uko wapi, nikamwonyesha mlango, ulikuwa hewani kidogo. Kisha nikazunguka nyuma, mahali ambapo sikuwahi kufika, na mwanamke mzee alikuwa huko, amezama hadi kiunoni ndani ya lile jiwe, lililotokeza ukuta wa nyuma, ungo bado mikononi.

"Na huyu?"

"Ni wewe, mami."

Mama akasogea mbele akamwangalia sana.

"Huyu ananikaa, tunafanana," akasema. "Hata hiyo shingo." Halafu baadaye, "Mwambie atoke hapo kwa mawe."

Nikabonyeza kila kitu nilichokijua. Mwanamke akasema siku ni nzuri. Hakutoka. Nikamwambia mama siwezi.

"Basi usizime," akasema. "Wacha kwanza nimalize chai."

Alikunywa polepole, macho yake hapo. Alipomaliza akaweka kikombe chini, akavua miwani, akasema sasa naweza kuzima. Nikazima.