Mke Wangu Kaanza Chuo

Siku ile bado inanichoma kama mbigili: siku niliyomcheka bibi yangu mbele ya watoto mpaka akaacha chuo cha Kurani. Naanza na hilo, mwanangu, usije ukalisikia kwa watu.

Nakuita mwanangu, nawe usicheke. Ndevu zangu lazima uzitafute juani, lakini mie nipo darasa la nane na wewe la pili, na aliyetangulia kuvuka tope ndiye ajuaye linazamisha wapi.

Bibi mzaa mama tunakaa naye hapa Temeke. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye huniita mume wangu, nami namwita mke wangu. Basi uzeeni, meno ya mbele yameshang'oka, alichukua kibao cha kuandikia akaenda kukaa mkekani kwa maalimu, katikati ya vitoto vya kamasi, aanze alifu.

Nilitoka shule, ambako asubuhi tulimwimbia Kingi wa Waingereza asiyewahi kutujibu, nikachungulia pale chuoni. "Maalimu, huyo mke wangu akikosea mchape, nyumbani kanishinda."

Watoto wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka, maana mtani hanuni. Nikaona nimepatia.

Kesho yake hakwenda. Keshokutwa pia. Kibao kikawa kifuniko cha mtungi. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Nikamfuata uani akichambua mchicha. "Mke wangu, umefukuzwa?"

"Watoto wakiniona wanakukumbuka wewe, wanacheka. Hawasomi. Bora nikae."

"Kwani kule unatafuta nini? Si unaswali siku zote?"

Akauweka mchicha chini. "Udogoni niliswali kwa kumwogopa baba. Nilipovunja ungo nikaswali nipate mume. Mama yako alipougua surua, niliswali kama napatana bei sokoni: nipe hiki, nami nitakupa kile. Na miaka yote nafuata midomo ya wenzangu tu. Sasa mume nilipata, nikamzika. Mama yako alipona, akanizalia mkorofi. Sina ninachodai. Ndiyo kwanza nataka kumjua niliyekuwa nasema naye."

Mie nilihitimu msahafu mdogo, ile juzuu ya mwisho, nikapikiwa pilau, nikadhani nimemaliza. Nikakiosha kile kibao. "Twende. Nitakaa na wewe. Wakitaka kucheka, watucheke wote."

Jioni ile nilikaa mkekani, magoti yananigusa masikio. Watoto walicheka mpaka wakachoka. Walipochoka, Bibi akasoma, pole pole, herufi moja moja kama mtu anayeokota mchele mchangani, wala hakumtazama yeyote. Sijaona jasiri wa kumfikia.

Basi nakuasa: usimcheke anayeanza, hata akiwa na mvi. Imani hukua na mwenyewe; kanzu ya jando haimkai mtu mzima, kila umri hushonewa yake. Nami ukiniona nafanya mzaha msikitini, usinikatie tamaa, bado niko kwa fundi. Mola akujaalie uzeeke ungali mwanafunzi, na akupe mtani mwenye ulimi kama wa mke wangu.

Jioni ile tuliporudi, Mama alikuwa mlangoni, habari zimeshamfika. Alisema hivi, siongezi wala sipunguzi:

"Kesho mnichukue na mie chuoni. Na wewe ukinicheka nakuchapa, mie si mke wako."