Bibi na Mkono Wangu wa Kushoto

Wiki iliyopita nilikwenda Blacktown, mtaa tuliokulia huku ughaibuni, kumsaidia mama kuhamisha vitu, nikaikuta glovu ya besiboli nyuma ya kinu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Ngozi imekauka, lakini bado inanukia mawese. Nikacheka peke yangu. Nikwambie, rafiki yangu: glovu hiyo ndiyo iliyotufikisha fainali.

Timu yetu ya mtaani haikujua kupiga mpira kwa gongo, tuseme ukweli. Kocha alikuwa na imani moja tu: "Nipeni mrushaji wa kuanza mchezo, atakayewanyima wapigaji wao kila kitu. Hapo sisi pointi moja inatutosha." Mrushaji huyo, anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, nilikuwa mimi. Nimezaliwa natumia kushoto, na mkono wangu huo ulikuwa moto wa kuotea mbali, jamani!

Shida ilikuwa Bibi. Yeye alitoka Uvira, na kwao mtu hapewi kitu kwa kushoto. Siku ya kwanza kuja uwanjani aliniona nikirusha, akashika kichwa. "Unamtupia mtoto wa watu kitu kwa kushoto? Na wazazi wake wamekaa pale wanaona!" Nikahamia kulia. Mipira ikaenda kila mahali isipokuwa kwa mdakaji wetu. Kocha akaniweka benchi, tukafungwa msimu mzima, nami nikalia hadi macho yakavimba. Nilitaka kuanza mchezo kuliko nilivyotaka kula.

Kisha korona ikatufungia ndani. Baba alikuwa zamu ghalani, mama kazini akihudumia wazee. Wa kunidakia mipira nyuma ya nyumba akabaki Bibi, amekaa kwenye kigoda, kitenge amekikaza, sombe inachemka jikoni. Nikamvalisha mkono wa kushoto ile glovu niliyonunuliwa nilipohamia kurusha kwa kulia. Siku moja mpira ukamfikia sawasawa, paa! Akautazama mkono wake, akaugeuzageuza.

"Ee! Kumbe ninapokea kwa kushoto?"

Nikamwambia karibu kila mtu uwanjani hupokea hivyo. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge. "Kumbe wote hamna adabu! Basi toa kwa kushoto, mjukuu wangu. Nani atamsema nani?"

Joto liliporudi na viwanja vikafunguliwa, nilianza kila mchezo. Wapigaji walipiga hewa tu. Wenzangu walipoona hakuna mpinzani anayepita, wakatulia, wakaacha kugombana, na ile pointi moja ya kocha ikawa inatosha kweli. Nusu fainali tulishinda moja bila, Bibi yuko nyuma ya uzio anapiga vigelegele, barakoa iko kidevuni. Fainali nayo tukabeba kombe. Wewe ulitegemea nini?

Siku hizi nyuma ya nyumba pamemwagwa zege, timu imevunjika, na Bibi hayupo. Namkumbuka mno. Mpaka leo simpi mkubwa kitu kwa kushoto, maana ndivyo alivyonilea. Mwiko huo niliuvunja mara moja tu, siku ya kumzika. Nilichota udongo kwa kushoto nikautupia kaburini, mama akanikazia macho. Sikujali. Najua Bibi aliudaka.