Kocha Akianza Kusifiwa

Hoteli yangu iko Kiwanjani, hapa Isiolo, na ina ubao mmoja tu. Upande wa kushoto naandika chakula cha siku. Upande wa kulia, kila Jumamosi mchana, naandika kocha wa Ulaya ambaye naona atapigwa kalamu hivi karibuni. Huo wa kulia ndio unaoniletea wateja. Kuhusu chakula sijidanganyi, nyama ya mbuzi ni ile ile mji mzima.

Mpira wenyewe siujui. Mpaka leo sielewi kwa nini mtu apulizwe filimbi ati kasimama mbele ya wenzake, na goli liko huko huko mbele. Nilianza mambo ya ubao kwa hasira. Kuna mteja wangu, Mmeru mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye akiingia hakuna mwingine anayepata nafasi ya kusema. Siku moja televisheni ilimwonyesha mwenye timu fulani ya Uingereza akisema ana imani kamili na kocha wake, kwamba ni mtu mwadilifu, mchapakazi, na hakuna kama yeye.

"Huyo haendi popote," Mmeru akatangaza. "Bosi mwenyewe amesema."

"Huyo amekwisha," nikasema nikiwa kwenye birika.

Walicheka wote. "Mama, wewe chunga chapati."

Neno hilo liliniuma. Nilichukua chaki, na kwa kuwa jina la kocha sikulijua, nikaandika vazi lake: KOTI REFU. Ijumaa haikufika kabla hajafutwa. Tangu hapo hakuna aliyenituma tena kuchunga chapati.

Wanadhani nina uganga. Sina. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na nilimfuata sokoni tangu nikiwa na meno ya utoto. Kwetu Waborana mnyama unayempenda hasifiwi, maana sifa huita kijicho. Yule fahali wake bora baba alimtukana kila asubuhi: mvivu, mla bure, pembe mbaya. Lakini mnyama akianza kusifiwa mbele ya watu, akipigwapigwa mgongoni kwa kiganja, mimi nilikuwa nakwenda pembeni kulia, kwa sababu nilijua jioni hatutarudi naye. Tulirudi na kamba yake tu. Kamba haiuzwi. Mwenye ng'ombe huifungua shingoni akaenda nayo nyumbani, ili baraka isitoke bomani pamoja na mnyama.

Basi wale mabosi wa Ulaya nawatazama kama wachuuzi waliovaa tai. Kuna kocha mmoja alizomewa msimu mzima, na mkubwa wake akawa anamkaripia hata mbele ya waandishi wa habari. Wateja wote walitaka nimwandike. Nilikataa. Mtu anayekugombeza bado anakuhitaji. Msimu uliisha yule kocha akiwa pale pale, kavimba macho lakini kazini.

Sasa, mume wangu pia ni kocha. Alipostaafu ualimu alikaa nyumbani miezi mitatu, na miezi hiyo sitaki kuikumbuka. Alihamia jikoni kwangu. Alipanga vikombe kwa urefu. Alimfundisha mpishi wangu namna ya kukoroga unga. Kisha usiku hakulala, akawa anatazama dari. Timu ya mtaa ilipomwita aifundishe, hakuuliza hata kama kuna nauli. Ikifika saa kumi alasiri, anavaa filimbi shingoni na kutoka mgongo ukiwa umenyooka, na mimi namshukuru Mwenyezi Mungu. Mazoezi yale yalikuwa ndiyo dawa yake, na pia ndiyo amani ya jikoni kwangu.

Tatizo ni kwamba mwaka huu kiangazi kilikuwa kirefu. Washambuliaji wake wawili na beki mmoja walienda na ng'ombe wa baba zao upande wa Kipsing kutafuta malisho. Waliobaki, wengi ni makipa. Hata leo hakuna anayejua kwa nini mtaa mmoja una makipa wengi namna ile. Mume wangu alipanga timu yenye makipa watatu, mmoja golini na wawili mbele, na wale wa mbele kila mpira ukija juu walikuwa wanaudaka. Walifungwa mechi nne mfululizo.

Alhamisi moja mwenyekiti wa timu aliingia hotelini. Naye ni mchuuzi wa mifugo, mtu wa kanzu safi na sauti kubwa. Mume wangu alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda uwanjani.

"Salaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam."

Hakuketi. Alisimama nyuma ya mume wangu, akawageukia wateja. "Hii kocha yetu, wallahi, hakuna kama yeye. Mtu ya heshima. Hata tukifungwa, tunafungwa na nidhamu." Akampiga mgongoni kwa kiganja, mara mbili. Kijiko kilinianguka. "Mwalimu, hebu nipe hiyo filimbi kidogo. Kuna mtu nataka kuonyesha."

Mume wangu, uso umemng'aa, akainamisha kichwa na kuivua ile kamba shingoni mwenyewe.

Nilikimbilia jikoni nikajifanya natafuta sukari. Nilikuwa na siku mbili za kumwambia kabla ya Jumamosi, nikashindwa. Mimi niliyeutangazia mji mzima habari za wanaume ambao hata majina yao siwezi kuyatamka, nilishindwa kumwambia wangu. Jumamosi upande wa kulia wa ubao ulibaki mtupu. Nilisema chaki imeisha, na chaki ilikuwa mfukoni.

Mmeru hakukosa la kusema. "Mama, kama chaki iko, andika huyu wa hapa. Makipa watatu!"

Wakacheka, na mume wangu kaketi pale pale. Damu ilinichemka. "Mwacheni!" nilisema. "Isiolo nzima hakuna kocha kama huyu. Ana akili, ana subira, na mpira anaujua kuliko nyinyi wote!" Mume wangu aliinua macho akanitazama, kisha akarudi kwenye chai yake.

Jumatatu baada ya swala ya alasiri kamati ilikuja, ikaketi meza ya ndani. Timu yetu ni ya dini zote, kwa hiyo mwenyekiti aliomba dua, kisha Mmeru, ambaye ni katibu, akafunga macho akaomba kwa jina la Yesu. Maombi yote mawili yalimshukuru Mungu kwa ajili ya kocha. Niliposikia ya pili nilitia chumvi kwenye chai ya mwenyekiti, vijiko viwili. Aliinywa yote bila kukunja uso, na hapo nikajua anaona aibu. Mahali pa mume wangu wamempa kijana mwenye cheti na suti ya michezo. Waliondoka wakimshika mume wangu mkono, kila mmoja kwa zamu.

Nilimpelekea chapati. Hakuigusa.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Tangu achukue filimbi. Nisamehe, Mwalimu, mdomo ulikataa."

"Hata mimi nilijua kuna kitu. Tangu Jumamosi."

"Kwa sababu sikuandika ubaoni?"

"Ubao sikuutazama." Alizungusha kikombe polepole. "Ulinisifu."

"Na mwenyekiti hakukusifu?"

"Yule ni mchuuzi, anasifu hata punda. Lakini wewe, mama watoto? Tangu nikuoe hujanisifu mbele ya watu hata siku moja. Siku mbili sikulala. Nilikuwa najiuliza nimekosa nini, na kama unaniacha, niende wapi na umri huu." Alishusha pumzi. "Leo nilipoona ni kamati tu, kusema kweli, nilishukuru."

Nilisimama na sinia mkononi. Kisha nikajua la kufanya. Nilimwambia yeye ni kocha wa bure kabisa, kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kumweka kipa acheze mbele, kwamba mvivu kama yeye sijapata kuona, na kwamba vikombe vyangu asiviguse hata kimoja.

Mabega yake yalishuka. Akaivuta sahani karibu, akamega chapati, na akauliza kwa nini leo imeiva upande mmoja.