Muuza Sari Aliyepangiwa Mtihani Saa ya Nuksi

Ni asubuhi ya Jumapili, na Ponni Ekambaram anatandika shuka jeupe juu ya godoro la dukani, analivuta pembe zote nne mpaka halina kunyanzi hata moja. Udi umeshawashwa. Nje, viatu vya wanunuzi wa kwanza vimeanza kujaa mlangoni. Msimu wa harusi umepamba moto, na mji mzima wa Kanchipuram, kusini mwa India, unanunua hariri.

Ponni, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, ataketi juu ya godoro hili akiuza sari mpaka saa tisa na nusu alasiri. Saa kumi na nusu anatakiwa awe mbele ya kompyuta, katika chuo kimoja nje kidogo ya mji, akifanya mtihani wa kuingilia vyuo vya biashara. Geti linafungwa robo saa kabla, na likishafungwa, hata ulie machozi ya damu hulifungui.

"Kulala nimelala vizuri," anasema, huku akipachika maua ya asmini kwenye nywele. "Kama nimesoma vizuri, hilo tutalijua jioni."

Ana shahada ya biashara, ya masomo ya jioni, na miaka sita ya kukunja na kukunjua hariri. Mshahara wake ni rupia elfu kumi na nne kwa mwezi, na kila sari ya bibi harusi anayoiuza humpa kijiposho juu yake. Baba yake, Mzee Ekambaram, ni mfumaji wa mtambo wa mkono. Mzee hufuma, binti huuza, na bei hupangwa na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye mtambo wala juu ya godoro.

"Nataka niwe kwenye kile chumba wanachoamua tufume nini na tuuze wapi," anasema Ponni. "Sitaki kuwa tajiri sana. Wastani tu unanitosha."

Amesoma kwa kuibia muda. Wenzake wakishuka kula, yeye hupanda stoo, akakaa katikati ya marobota ya pamba, wali wake wa mtindi upande mmoja na kitabu cha hesabu upande wa pili. Uwiano, asilimia, kasi na umbali. Jumanne, siku yake ya mapumziko, hufanya mtihani mzima wa majaribio kwenye simu, mlango umefungwa, na majirani wameombwa wapunguze redio. Hawapunguzi.

Huu ni mwaka wake wa pili. Mwaka jana alianguka, na jinsi alivyoanguka ndiyo inayomuuma mpaka leo.

Katika mtihani huu kila sehemu ina dakika zake, nazo zikiisha zimeisha. Mwenye akili huokota maswali mepesi, magumu akayapita. Ponni alikutana na swali moja la hesabu, akaketi nalo. Likamgomea, akalibembeleza. Likazidi kumgomea, akaligeuza na kulitazama kwa upande mwingine. Alipokuja kushtuka, nusu ya muda wa hesabu ilikuwa imekwenda.

Wauza sari wote wangefanya hivyo hivyo. Katika maduka haya mteja akishaketi mbele yako ni wako, haachwi wala hapokezwi mtu. Akikataa sari ishirini, unashusha ya ishirini na moja na bado unatabasamu. Ponni alifundishwa hivyo tangu wiki ya kwanza, na kumng'oa tabia hiyo imekuwa kazi kubwa kuliko hesabu zenyewe.

"Nimemwambia, swali si mteja," anasema Kannappan, muuzaji mwenye mvi anayeketi godoro la pili. "Swali halina shangazi wa kukusema vibaya mtaani. Ukiliacha, halinuni."

"Kaka, wewe mwenyewe hujawahi kumwacha mteja," anamjibu Ponni.

"Mimi sifanyi mtihani, mdogo wangu. Mimi nangoja chai."

Ruhusa nayo ilikuwa kisanga. Mzee Thangavelu, mwenye duka, alishasema Jumapili ya harusi haondoki mtu, labda awe anazikwa. Ponni akawa hana la kufanya ila kungoja apangiwe zamu. Mtihani una zamu tatu kwa siku, na ni kompyuta inayomgawia kila mtu yake. Zamu yake ilipotoka, ilikuwa ya mwisho, ile ya saa kumi na nusu.

Dukani watu walitazamana. Jumapili, kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili, ni saa ya Rahu, sayari ya mikosi katika unajimu wa Kihindu. Ni saa ya nuksi. Kanchipuram haianzi jambo saa hiyo. Watu hawafungi safari wala hawatii sahihi, na sari ya bibi harusi ndiyo kabisa hainunuliwi.

Mzee Thangavelu alikuna kidevu, akapiga hesabu zake. "Saa hiyo duka huwa tupu," akasema. "Haya, nenda. Lakini utoke saa tisa na nusu, si dakika moja kabla."

Nuksi ikawa imempa Ponni ruhusa ambayo maombi ya miezi miwili hayakumpa. Kazi ikabaki nyumbani.

"Jambo la maisha yako uende kulianzia saa ya Rahu?" baba yake alimuuliza. "Mwambie huyo anayepanga akubadilishie."

"Anayepanga ni kompyuta, Baba."

"Basi hiyo kompyuta haina wazazi."

Ponni anasimulia hayo akicheka, kisha kicheko kinakatika. Mzee alimwomba angoje mwaka mwingine, akaomba tena, na tangu juzi hazungumzi. Asubuhi hii binti ametoka nyumbani bila kubarikiwa, na jambo hilo linamkaa kifuani kuliko hesabu zote.

Saa nane wanaingia bibi harusi, mama yake na mashangazi watatu. Wanaketi mbele ya Ponni. Hariri inashuka rafuni: nyekundu, zambarau, kijani yenye pindo la dhahabu. Nyekundu imepauka, asema shangazi mmoja. Zambarau inazeesha, asema mwingine. Wa tatu anamtazama Ponni. "Na wewe lini, binti?"

"Nikimaliza kuwavisha wa kwenu, shangazi."

Saa tisa na nusu inafika na hakuna kilichochaguliwa. Duka limefurika, kila familia inakimbizana na saa ya Rahu. Ponni ameshika sari ya rangi ya kitunguu, na bibi harusi ameanza kuitazama kwa jicho la mtu anayekaribia kusema ndiyo. Ni dakika tano zaidi tu. Kila muuzaji anazijua dakika hizo tano, na anajua zinavyozaa nyingine tano.

Mkono wake unabaki pale pale juu ya hariri. Kannappan anamtazama.

Kisha Ponni anailaza sari magotini mwa bibi harusi. "Dada, hii imekupenda. Kaka Kannappan atakumalizia. Mimi nina mtihani."

"Unatuacha?" shangazi mkubwa anauliza. "Na saa yenyewe hii?"

"Nawaacha, shangazi. Mnisamehe."

Anasimama. Kijiposho cha sari hiyo kitakwenda kwa Kannappan, ndio utaratibu. Mlangoni Mzee Thangavelu anatazama saa ya ukutani. "Bado upo?" anauliza, na mkono wake umeshasimamisha bajaji.

Saa kumi na dakika tano Ponni anapita getini, karatasi ya kuingilia mkononi, asmini zimelegea nywelini.

Anatoka giza likianza kuingia, macho mekundu, uso umetulia. "Nimeacha maswali tisa," anasema. "Mengine nilikuwa nayataka sana, nikayaacha hivyo hivyo." Majibu yatatoka Januari. Akipata, ataomba mkopo wa masomo. Akikosa, atarudi Novemba ijayo, na kesho asubuhi vyovyote vile yuko dukani.

Ng'ambo ya barabara, mzee mwenye shuka jeupe kiunoni amesimama kando ya baiskeli. Mlinzi wa geti anasema mzee huyo yupo hapo tangu saa kumi na moja. Kutoka mtaa wa wafumaji mpaka hapa, kwa baiskeli, ni nusu saa nzima.

Ponni anavuka. "Baba, umetoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa hiyo hiyo uliyoanza wewe," anajibu Mzee Ekambaram, akimpokea mkoba. "Nilisema kama ni nuksi, mama, basi tugawane."