Jina Lililoitwa Uani Mgori

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze polepole, maana jambo lenyewe ni dogo na bado linanistaajabisha.

Mwaka jana nilikuwa najifunza Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na mtu mmoja ili watu wa mataifa mengi waelewane. Tulikuwa watano, tukisomea sebuleni kwa mwenzetu mmoja huko Unyambwa, kila Jumamosi. Ikatakiwa kila mmoja ajichagulie jina la lugha hiyo. Wenzangu walimaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilishindwa. Nyumbani kwetu mtu hajipi jina. Mtoto mchanga akilia, shangazi humwitia majina ya ukoo moja moja. Lile atakalolinyamazia ndilo lake. Mimi nilinyamazia jina la bibi, mama yake shangazi. Niliogopa kwamba nikijiita vingine, shangazi ataona nimemtupa mama yake.

Nikaenda kijijini Mgori, kwa shangazi. Nilimkuta uani akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kusaidia au kula?"

Nikamweleza, kisha nikamsomea maneno matatu niliyoandika: Suno, yaani jua, Stelo, nyota, Pluvo, mvua. Fimbo ikasimama.

"Na la mama yangu limekuchosha?"

"Hapana, shangazi. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akaweka fimbo chini. "Umekua, hulii tena. Basi nenda pale kwenye uzio, unipe mgongo."

Nikasimama nikitazama mabua ya shambani. Akaita, "Suno!" Nikatulia. "Stelo!" Kuku ndio waliogeuka. "Puluvo!"

Nilikuwa nimeshageuka kabla sijafikiri, na mdomo umeshasema abee.

Hata yeye alishtuka. Neno lisilo na kijiji wala kaburi la babu lilikuwa limepita uani kwetu, kwa sauti ileile iliyonituliza nikiwa mchanga, nami nikaliitikia.

Kisha akaita jina la bibi, kwa sauti ya chini. Nikaitika kwa nguvu zaidi. Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nenda na yote mawili. Lakini kwanza pepeta hizi alizeti."

Nawe ukitaka jina, usihangaike peke yako. Andika matatu, mpelekee aliyekupa la kwanza, mpe mgongo, mwambie aite. Chukua lile utakalogeukia.