Kilima Alichokidai Justa

Siku ya kumzika mumewe Ndalahwa, Justa hakutoa chozi. Alimkazia macho Chenge, jirani aliyeleta mchele wa rambirambi, akamwambia mbele ya watu, "Ondoka na mchele wako. Kilima kilichomuua mume wangu, wewe ndiye uliyekivua nguo."

Hakuna aliyeuliza maana. Kijiji chao kiko Misungwi, upande wa kuelekea Busisi, chini ya kilima cha mawe. Chenge alikikata miti msimu hadi msimu, akichoma mkaa wa kuuza Nyegezi. Mvua nazo zilibadilika: zinachelewa hadi mahindi yanajikunja, kisha zinashuka zote kwa mkupuo. Safari ile zilikikuta kilima kitupu. Maji yakaporomosha tope na mawe, nyumba ikamwangukia Ndalahwa akiwa anafungulia mbuzi.

Wazee walitaka Chenge atoe ng'ombe, yaishe.

"Ng'ombe atakufa na ukame," Justa alisema. "Nataka kilima."

Kwenye mkutano wa kijiji aliomba kiwe ngitili, eneo lililofungwa, lisiingiwe na shoka wala mifugo, atakayekaidi atengwe. Watu waliochoka kuzoa tope majumbani wakakubali.

Chenge aliyaona ni maneno ya msiba. Akapanda tena na shoka. Justa alimsikia tangu pigo la kwanza. Aliacha mgunga uanguke, akaacha tanuri lifuke moshi, ndipo akapiga yowe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimkuta Chenge mikono myeusi.

Akatengwa. Hakuna aliyemsalimia wala kumpa moto. Alivumilia hadi palizi, kisha akaja kupiga magoti.

"Dada Justa, hata wanangu hawachezi na mtu. Nifanye nini?"

"Panda ulichokata."

Alichimba makinga maji, akapanda migunga. Justa alikaa juu ya jiwe akimtazama, na mche uliopandwa ovyo aliung'oa akamtupia miguuni.

Masika iliyopita mvua ilishuka kwa nguvu ileile, lakini nyasi na miche viliipunguza kasi. Hakuna nyumba iliyoanguka. Wageni kutoka wilayani wakaja kumpongeza.

"Mama, nini kilikusukuma kutunza mazingira?"

"Chuki," alijibu.

Wakacheka. Chenge, aliyekuwa pembeni na jembe lake, hakucheka. Kijiji kilishaacha kumtenga zamani, lakini asubuhi ile, kama asubuhi zote, alimsalimia Justa na hakujibiwa.